Mchezo Usio na Nyoka: Kwa Nini Michezo ya Ubao ya Kampuni za Vyakula Hutuvunja Moyo

Katika makala haya nimeamua kuandika juu ya jambo ambalo wengine wataliona la kitoto: michezo ya ubao. Sisemi lile bao wanalocheza wazee wa Pwani, wala drafti tunayocheza nyuma ya bweni Jumamosi alasiri. Nasema ile michezo inayouzwa ndani ya maboksi ya rangi za kumeta, yenye jina la biskuti, la peremende, la soda au la mkahawa wa chipsi na nyama.

Huko Marekani michezo ya namna hii ni mingi, na imekuwapo kwa miaka na mikaka. Jina lililo juu ya boksi ni la kitu kitamu, picha zake zavutia, lakini ukishaucheza mara mbili hutaki tena kuuona. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa twaona ajabu ya tatu: kitu kizuri kinachomtembeza kibaya mgongoni!

Swali langu ni hili: kwa nini iwe hivyo? Si kwamba watengenezaji hawana ujuzi. Kampuni zinazochapisha michezo hii aghalabu ndizo zizo hizo zilizochapisha michezo iliyopendwa ulimwenguni. Wala si kwamba chakula hakifai kuchezewa mchezo. Nitajaribu kuonyesha kwamba ugonjwa uko kwingine kabisa.

MCHEZO MZURI UNA NINI?

Kabla ya kulaumu, sharti tukubaliane juu ya kipimo. Mimi naona mchezo wa ubao unaofaa huwa na mambo matatu.

La kwanza ni uchaguzi. Tazameni bao la Kiswahili. Lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna dadu hata moja. Kila zamu mchezaji hujiuliza: nianzie shimo lipi? Niivunje nyumba yangu sasa au ningoje? Akishindwa hana wa kumlaumu ila kichwa chake. Ndiyo maana wazee hawachoki nalo.

La pili ni hatari. Lazima kuwe na kitu cha kukuumiza, hata kama ni maumivu ya mchezo tu. Katika drafti, kete yako huliwa. Katika ludo, unarudishwa nyumbani ukiwa umebakisha hatua mbili, na wenzako wanapiga makofi! Bila hatari, ushindi hauna ladha.

La tatu ni maana. Sheria za mchezo zapaswa kufanana na kile mchezo unachodai kusimulia. Mchezo wa vita uwe na kushambuliana. Mchezo wa soko uwe na bei, na wa kusafiri uwe na njia ndefu na ya mkato.

Mfano mzuri wa jambo hili la tatu ni nyoka na ngazi. Mchezo huu asili yake ni Bara Hindi, nao ulifika Uingereza katika miaka ya 1890. Katika mbao za kale za Kihindi ngazi zilikuwa wema, kwa mfano ukarimu na imani, na nyoka walikuwa maovu kama vile wizi na ulevi. Mtoto alipanda kwa wema, akateremka kwa uovu. Kweli, uchaguzi haukuwapo, maana dadu ndiyo iliyoamua. Lakini hatari ilikuwapo, na maana ilikuwapo. Mambo mawili kati ya matatu si haba.

Sasa tuchukue kipimo hiki tukapime nacho michezo ya vyakula. Nimeigawanya katika mafungu matatu.

FUNGU LA KWANZA: MICHEZO YA MBIO

Mifupa ya fungu hili yaonekana vizuri katika mchezo usio wa kampuni yoyote ya vyakula, uitwao Candy Land, yaani nchi ya peremende. Ulibuniwa na Eleanor Abbott, mwalimu wa Marekani, katika miaka ya 1940 alipokuwa akiugua polio mjini San Diego. Aliwatungia watoto waliokuwa wakiugua kama yeye. Kampuni ya Milton Bradley iliutoa mwaka 1949. Mchezaji huchukua kadi, akatazama rangi yake, akasogea hadi rangi hiyo njiani. Basi! Hakuna kusoma wala kuchagua. Kadi zikishachanganywa, mshindi keshajulikana. Wachezaji wanabaki kumfunua tu.

Kwa mtoto wa miaka minne aliyelala kitandani hospitalini, mchezo huo ulikuwa dawa. Anajifunza rangi, anajifunza kungoja zamu, anasahau maumivu. Siulaumu hata kidogo. Shida ni kwamba mifupa hiyo hiyo huchukuliwa, ikavishwa nembo ya kampuni, kisha ikauzwa kwa watoto wakubwa wanaojua kusoma na kufikiri.

Shangazi yangu anayeishi Marekani aliwahi kutuletea mchezo mmoja wa kampuni ya biskuti. Jina la kampuni sitalitaja. Ubao ulikuwa njia ndefu inayozunguka kiwanda, na kila nyumba ilikuwa na picha ya biskuti. Unarusha dadu, unasogea, unaokota kadi yenye picha ya biskuti. Wa kwanza kukusanya za kutosha na kufika mwisho ndiye mshindi. Tulipoanza kuucheza, ndugu yangu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa darasa la nne, aliniuliza:

"Sasa mimi nafanya nini?"

"Wewe rusha tu."

"Halafu?"

"Halafu sogea."

"Na kama sitaki hii biskuti?"

Nilifungua karatasi ya sheria nikaisoma mbele na nyuma. Hakuna mahali palipoandikwa mtu anaweza kuikataa biskuti. Swali la mtoto huyo ndilo lililonifanya niandike makala haya, maana naona alilenga kwenye kiini cha ugonjwa, nami nitalirudia hapo chini.

Tufanye hesabu kidogo, mwalimu wa hesabu akiniruhusu. Tuseme mchezo una nyumba 50 na dadu moja. Wastani wa dadu ni 1+2+3+4+5+6, yaani 21, gawanya kwa 6, unapata 3.5. Ukigawanya 50 kwa 3.5 unapata 14 na ushei. Kwa hivyo utarusha kama mara 14 au 15 hadi ufike. Je, umefanya maamuzi mangapi? Sufuri. Wachezaji wakiwa wanne, dadu itarushwa zaidi ya mara 50 bila mtu yeyote kuamua lolote. Si ingekuwa rahisi kutupa sarafu mara moja kisha twende zetu uwanjani?

FUNGU LA PILI: KANZU MPYA, MWILI ULE ULE

Katika fungu hili, kampuni haibuni kitu. Inachukua mchezo unaojulikana na kuuvisha kanzu. Hapa mfano mkubwa ni Monopoly. Kumekuwa na Monopoly ya Coca-Cola, na Monopoly ya M&M's, zile peremende za chokoleti. Mitaa inaondolewa, majina ya mambo ya kampuni yanawekwa mahali pake. Sheria zinabaki zile zile.

Mtu atasema: basi kuna ubaya gani, kama mchezo wenyewe ulikuwa mzuri? Ubaya uko katika lile jambo la tatu, maana. Ili tulione, inafaa tujue Monopoly ilitoka wapi. Mwaka 1904 mwanamke Mmarekani aitwaye Lizzie Magie alipewa hataza ya mchezo alioubuni kuhusu mwenye ardhi na wapangaji wake. Nia yake ilikuwa kufundisha. Alitaka watu waone kwa macho yao jinsi kodi ya ardhi inavyomtajirisha mmoja na kuwafilisi wengine. Mchezo huo ulienea, ukabadilishwa njiani, na mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikautoa kwa jina la Monopoly. Mtu aliyesifiwa kwa miaka mingi kuwa ndiye mbunifu alikuwa Charles Darrow.

Hata baada ya mabadiliko hayo, jambo moja lilibaki: ukikanyaga ardhi ya mtu, unalipa kodi. Hilo linaeleweka. Kila mmoja wetu anamjua mtu anayelipa kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Sasa weka peremende mahali pa mtaa. Ati nimekanyaga peremende yako ya kijani, nakulipa kodi! Kodi ya peremende ni kitu gani jamani? Na nikifilisika, nimefilisishwa na nini, utamu? Funzo la Magie limefutwa, na hakuna funzo jingine lililoandikwa mahali pake.

Kwa hivyo nawapa kipimo chepesi cha fungu hili. Futa jina la kampuni ubaoni. Je, kuna sheria yoyote iliyobadilika? Ikiwa hakuna, basi jina lile halikuwa sehemu ya mchezo.

FUNGU LA TATU: KUKUSANYA VIPANDE

Fungu la tatu halichezwi mezani, lakini limezaliwa na mchezo wa ubao. Mwaka 1987 kampuni ya McDonald's huko Marekani ilianza mashindano yaliyotumia jina na mitaa ya Monopoly. Ukinunua soda au viazi, unabandua kipande kilichobandikwa kwenye kikombe au kwenye pakiti. Ukipata vipande vyote vya rangi moja, unajishindia zawadi, na zawadi kubwa ilifika dola milioni moja.

Hapa pana ujanja unaofaa kufundishwa darasani. Katika kila rangi, kipande kimoja kilifanywa adimu kupita kiasi, na vingine vikachapishwa kwa wingi. Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Tuseme rangi ina vipande viwili: A na B. Vya A vimechapishwa milioni moja, cha B kimoja tu. Wewe umepata A. Unaruka kwa furaha, "Nimebakisha kimoja!" Waona kama umefika nusu ya safari. Kumbe hujaondoka nyumbani! Kila mtu ana A. Kipande cha A hakina thamani hata ya karatasi kilichochapishwa juu yake, ila kinakupa sababu ya kurudi kununua viazi tena.

Katika drafti, ukibakisha kete moja ya mpinzani, kweli umekaribia kushinda. Katika mchezo huu wa vipande, ukaribu wenyewe ni wa uongo.

Na kuna makubwa zaidi. Mwezi wa Agosti mwaka 2001, wapelelezi wa FBI waliwakamata watu wanane na kufichua kwamba washindi wengi wa zawadi kubwa walikuwa wa kupangwa. Jerome Jacobson, mkuu wa usalama katika kampuni ya Simon Marketing iliyokuwa ikiendesha mashindano hayo, alikuwa akiiba vipande adimu tangu mwaka 1989 na kuvigawa kwa watu wake. Zawadi zilizoibwa zilizidi thamani ya dola milioni 24. Jacobson alihukumiwa kifungo cha miezi 37. Kampuni ya McDonald's yenyewe haikushtakiwa, tena ilishirikiana na wapelelezi. Lakini hebu fikirieni: kwa miaka mingi mamilioni ya watu walikuwa wakibandua vipande, na kile walichokitafuta hakikuwa hata kwenye vikombe. Kilikuwa mfukoni mwa mlinzi. Aliyepewa kazi ya kulinda boma ndiye aliyekuwa fisi.

Watu wale wangewezaje kugundua? Hawangeweza. Na hiyo ndiyo tofauti kubwa na bao. Katika bao kila kete iko mezani, mwizi akiiba hata moja, hesabu haitimii. Mchezo ambao mchezaji hana uchaguzi ni mchezo ambao hawezi hata kujua kama anaibiwa.

KIINI CHA UGONJWA

Sasa nirudi kwa swali la ndugu yangu: "Na kama sitaki hii biskuti?"

Mchezo mzuri wakutaka uweze kukataa. Katika drafti wakati mwingine unaitoa kete yako iliwe makusudi, ili upate kula tatu. Unakataa kizuri cha sasa kwa ajili ya kizuri cha kesho. Lakini tangazo la biashara haliwezi kumruhusu mtu akatae. Kazi yake yote ni kukufanya useme ndiyo. Ukiweka sheria inayosema, "Mchezaji anaweza kuipita biskuti hii, pengine itamharibia safari," mwenye kiwanda atang'aka: "Nimelipia ubao wa nini?"

Na hatari je? Huko Marekani nyoka na ngazi hujulikana kwa jina la Chutes and Ladders, ambapo nyoka wamegeuzwa kuwa mabati ya kutelezea. Katika ubao huo kuna picha ya mtoto anayeparamia ili adokoe biskuti mtunguni. Matokeo yake? Anaporomoka hadi chini. Kila mtoto duniani anaielewa picha hiyo, maana nani hajawahi kudokoa? Basi jiulizeni: kampuni ya biskuti itakubali biskuti yake, yenye jina lake, ichorwe mdomoni mwa nyoka? Haikubali hata kidogo. Kila penye jina lake lazima pawe ngazi.

Hapo ndipo mchezo unapokufa. Ubao wenye ngazi tupu, usio na nyoka hata mmoja, hauna hatari. Ubao usioruhusu kukataa hauna uchaguzi. Na jina ambalo haliruhusiwi kutenda lolote baya haliwezi kuwa na maana. Mambo yote matatu yamekwenda, si kwa sababu mbunifu ni mjinga, bali kwa sababu aliyemlipa hataki yawepo. Mtumikie kafiri upate mradi wako, lakini mchezo hauwezi kutumikia mabwana wawili.

CHAKULA CHENYEWE HAKINA KOSA

Msije mkadhani nasema chakula hakiwezi kuwa mchezo. Mwaka 2015 kampuni ya Splotter ya Uholanzi ilitoa mchezo uitwao Food Chain Magnate. Hauna jina la kampuni yoyote ya vyakula. Kila mchezaji anaanzisha mikahawa katika mji mmoja, anaajiri wapishi, anapanga bei. Anaweza pia kuweka tangazo karibu na nyumba za watu, na watu wa nyumba hizo wakaanza kutamani pizza. Lakini sikilizeni uhondo wake: wakishaitamani, hawalazimiki kuinunua kwako! Wataangalia bei, wataangalia na umbali, na wanaweza kwenda kwa jirani yako. Umewatamanisha kwa gharama yako, mwenzako amevuna.

Mmeiona tofauti? Mchezo huu una matangazo ndani yake, lakini wenyewe si tangazo. Mchezaji anajifunza jinsi hamu ya watu inavyotengenezwa, na jinsi inavyoweza kumgeukia aliyeitengeneza. Ile michezo mingine inaitengeneza hamu hiyo kwa mchezaji mwenyewe, wala haimwambii.

Mfano wa pili uko hapa hapa kwetu, tena hauuzwi dukani. Drafti yetu tunaicheza kwa vifuniko vya soda kwenye kipande cha kadibodi. Mmoja anachukua vya soda hii, mwingine vya ile, au mmoja anavilaza kifudifudi na mwingine chali. Majina ya kampuni yamo ubaoni, naam, tena makubwa. Lakini pale hayamwamrishi mtu. Kifuniko kinaliwa, kinatolewa sadaka, kinakuwa kingi, kinatupwa kando. Hakuna mwenye kiwanda wa kusema, "Hicho changu msikile!" Ubao wa kampuni ya biskuti uliletwa kwa ndege na sasa uko juu ya kabati. Kadibodi ya drafti imechanika pembe zote kwa kuchezwa.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Baadhi yenu mtakuwa walimu, wengine wafanyabiashara, wengine wazazi. Siku moja mtapelekewa boksi la bure lenye nembo ya chakula, mwambiwe ni zawadi ya elimu kwa watoto. Sisemi mlikatae. Nasema mlifungue, msome sheria, na mliulize maswali manne:

1. Je, kuna zamu ambapo mchezaji anachagua, au anarusha tu?
2. Je, kitu chenye jina la kampuni kinaweza kumdhuru mchezaji hata mara moja?
3. Ukifuta jina la kampuni, kuna sheria inayobadilika?
4. Mtoto anaweza kusema "sitaki" na bado akashinda?

Likijibu hapana kwa yote manne, mjue mtoto amepewa gazeti la matangazo lenye dadu. Mwacheni aligeuze akate upande wa nyuma, atengeneze ubao wa drafti.

ZOEZI

(a) Chora ubao wa nyumba 30 kuhusu chakula kinachopikwa shuleni. Weka angalau nyoka watatu, na kila nyoka awe ni jambo la kweli linaloharibu chakula: mchwa, moto mkali, au kuchelewa foleni.

(b) Badilisha sheria ili kila zamu mchezaji awe na njia mbili za kuchagua. Eleza kwa sentensi tano jinsi mchezo ulivyobadilika.

(c) "Mchezo hauwezi kutumikia mabwana wawili." Jadili. Wanaopinga waje na mfano, wasije na kelele. Mjadala utafanywa katika mkutano wa chama, na ubao utakaochaguliwa utawekwa katika maktaba yetu uchezwe na wote.

Kalamu naiweka chini hapa. Mwenye jicho na atazame, mwenye dadu na aiulize inampeleka wapi.